Mwenye Njaa na Miiko Yake: Majirani Zetu Mbele ya Mazao Yaliyobadilishwa Vinasaba



Kiswahili kina methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hugombana. Ya kwanza husema kwamba mwenye njaa hana miiko. Ya pili huonya: tahadhari kabla ya hatari. Kwa kawaida hatuzisikii siku moja. Ya kwanza hutamkwa mbele ya chungu kitupu, na ya pili hutamkwa na mtu ambaye walau amekula jana. Lakini mwaka 2002, katika nchi jirani ya Zambia, methali hizi zilikutana ghala moja, juu ya magunia yale yale ya mahindi, na serikali ikalazimika kuchagua mojawapo.

Katika somo la leo nitakusimulia habari ya magunia hayo, kisha tutavuka mipaka mingine tuone Kenya na Uganda zilivyokabiliana na swali lile lile, na mwisho turudi nyumbani Tanzania. Sikusudii kukuambia ule nini. Nataka uone jinsi dola inavyoamua jambo ambalo wataalamu wanabishana juu yake, wafanyabiashara wanalitamani, na wananchi wanaliogopa. Huo ndio uraia wenyewe.

Neno kabla ya jambo

Tuanze na neno, kama ilivyo desturi yetu. Nasaba ni ukoo, yaani mtiririko wa wazazi na watoto. Walipohitaji jina la chembe ndogo zinazobeba sifa za urithi, wataalamu wa lugha waliliegemea neno hilo na kulipa umbo la ngeli ya KI-VI, tukapata kinasaba na vinasaba. Wengine husema jeni. Kwa hiyo mazao yaliyobadilishwa vinasaba ni mazao ambayo, kwa lugha ya nyumbani, yameingiziwa mgeni katika ukoo wao.

Mkulima amekuwa akichagua mbegu tangu zamani. Hutenga gunzi nono, hulianika juu ya moshi wa jikoni, hulipanda msimu ujao. Wafugaji wa mimea nao huchanganya poleni ya mahindi haya na yale, wakapata chotara. Kilicho kipya katika uhandisi jeni ni kwamba kinasaba kinaweza kutolewa katika kiumbe kisichohusiana kabisa na zao linalokipokea. Kuna bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye hutengeneza protini inayowaua viwavi. Kinasaba chake kikitiwa katika mhindi au mpamba, mmea wenyewe huwa na dawa ndani ya bua na jani lake. Mazao ya namna hiyo huitwa Bt, kwa herufi za kwanza za jina la bakteria huyo. Mengine hupewa kinasaba cha kustahimili dawa ya kuua magugu, ili shamba lipuliziwe na magugu yafe, zao libaki.

Nyanya ya kwanza ya aina hii iliuzwa Marekani mwaka 1994. Kuanzia mwaka 1996 soya, mahindi na pamba vikaenea kwa kasi katika mashamba ya nchi hiyo. Barani kwetu Afrika Kusini ilitangulia: ilitunga sheria yake mwaka 1997 na baada ya hapo ikaanza kulima. Ulaya, kinyume chake, ilisita. Tangu mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuidhinisha mazao mapya ya aina hii kwa takriban miaka sita.

Katikati ya mvutano huo dunia iliandika mkataba. Januari 2000, mjini Montreal, ulikubaliwa mkataba uitwao Itifaki ya Cartagena, unaohusu usalama wa viumbe hai waliobadilishwa wanapovuka mipaka. Mwezi Mei mwaka huo huo itifaki ilifunguliwa kwa saini jijini Nairobi, na nchi ya kwanza kutia saini ilikuwa Kenya. Ilianza kutumika Septemba 2003. Kiini chake ni ile methali yetu ya pili: nchi ina haki ya kusita au kukataa pale ambapo uhakika wa kisayansi haujatimia. Mlango una komeo, na anayelifungua ni mwenye nyumba. Lakini Zambia ilibishiwa hodi kabla itifaki haijaanza kutumika.

Zambia, 2002: punje na mbegu

Msimu wa 2001 na 2002 mvua ilizikatisha tamaa nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Nchini Zambia zaidi ya watu milioni 2 walihitaji msaada wa chakula. Rais Levy Mwanawasa, mwanasheria kwa taaluma, alikuwa ameingia Ikulu Januari mwaka huo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta mahindi, na sehemu kubwa ya msaada huo ilitoka Marekani. Wakati huo karibu theluthi moja ya mahindi ya Marekani ilikuwa imebadilishwa vinasaba, na wakulima wa huko hawakuyatenganisha na mengine. Yote yaliingia katika ghala moja, meli moja, gunia moja.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona tatizo. Punje ya mahindi ukiitia kinuni ni chakula. Ukiitia ardhini ni mbegu. Ni punje ile ile. Itifaki ya Cartagena inatenganisha nafaka za kula na mbegu za kupanda, lakini mkulima mwenye njaa hana ghala mbili. Akipewa debe la mahindi ya msaada, atapika mengi na kubakiza kidogo kwa ajili ya mvua zijazo, maana bila mbegu njaa ya mwakani imeshaanza. Na mhindi huchavushwa kwa upepo. Shamba la mmoja hulifikia shamba la jirani bila kubisha hodi.

Zimbabwe na Msumbiji zilipata njia ya kati: mahindi yakubaliwe, lakini yasagwe kwanza. Unga haupandwi. Suluhisho hilo lilikuwa na gharama zake, kwa sababu kusaga kunahitaji fedha na mashine, na unga hauhifadhiki muda mrefu kama punje. Hata hivyo lilitosha kuzituliza nchi hizo.

Zambia haikutulizwa hata na unga. Mnamo Agosti 2002 serikali iliitisha mjadala wa kitaifa jijini Lusaka, kisha ikatangaza kwamba haitayapokea mahindi hayo. Rais alisema waziwazi kwamba njaa ya watu wake si sababu ya kuwapa sumu. Serikali ilituma ujumbe wa wanasayansi wake kwenda Afrika Kusini, Ulaya na Marekani kuuliza na kusikiliza. Waliporudi, mwezi Oktoba, uamuzi haukubadilika. Mahindi yaliyokwisha kuingia yaliondolewa, na shirika la chakula likalazimika kutafuta mengine ambayo hayakubadilishwa.

Ni rahisi kumcheka Mwanawasa, na wengi walimcheka. Wamarekani walisema kwamba wao hula mahindi hayo kila siku na hawajadhurika. Hoja za Zambia lakini zilikuwa na uzito wake, nazo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilihusu sahani. Mmarekani hula mahindi hayo kidogo, tena yakiwa yamesindikwa ndani ya vyakula vingine, lakini Mzambia hula nshima, ambayo sisi tungeiita ugali, mchana na usiku, mwaka mzima. Je, utafiti uliofanywa kwa mlaji wa aina moja unamtosha mlaji wa aina nyingine? Ya pili ilihusu shamba, nayo tumekwisha kuieleza. Ya tatu ilihusu soko. Zambia iliuza Ulaya mboga, yakiwemo mahindi machanga, na iliogopa kwamba siku moja mnunuzi wa Ulaya angesema: nchi yako imechanganyika, sinunui tena.

Hoja ya tatu inatuonyesha kwamba ugomvi huu haukuwa wa Zambia peke yake. Mei 2003 Marekani, pamoja na Kanada na Argentina, iliishtaki Ulaya katika Shirika la Biashara Duniani kwa kuzuia mazao hayo, na Rais George W. Bush aliilaumu Ulaya kwamba hofu yake inazuia juhudi za kupambana na njaa Afrika. Mwaka 2006 shirika hilo liliamua kwamba Ulaya ilichelewesha vibali bila sababu ya kutosha. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwaka 2002 nyasi hizo zilikuwa na majina na watoto.

Mambo yaliishaje? Vifo vya halaiki vilivyohofiwa havikutokea, na msimu uliofuata mvua ilinyesha na mavuno yakawa karibu maradufu. Wanaomtetea Mwanawasa hutumia ukweli huo kama ushahidi. Lakini nakuomba, msomaji, uwe mwangalifu na hoja ya namna hiyo. Mvua iliyonyesha mwaka 2003 haithibitishi kwamba uamuzi wa mwaka 2002 ulikuwa sahihi. Inathibitisha tu kwamba mvua ilinyesha. Kati ya uamuzi na mvua palikuwa na miezi ambayo mama wa kijijini alisubiri gunia lingine, akichemsha mizizi ya porini. Haki ya nchi kukataa na haki ya mtu kula ni haki mbili, na mwaka ule zilipingana.

Zambia ilitunga sheria yake ya usalama wa bayoteknolojia mwaka 2007. Baadaye mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ilianza kutoa vibali vya kuingiza baadhi ya vyakula vilivyosindikwa. Na ukame mkali ulipoikumba tena mwaka 2024, Zambia iligeukia Tanzania kununua mahindi. Kumbuka jambo hilo; tutalirudia.

Kenya: marufuku ya miaka kumi

Tuvuke sasa kwenda kaskazini. Kenya ilikuwa na sifa ya mwanafunzi mwenye bidii: ilitia saini itifaki kabla ya wote, na mwaka 2009 ikapata Sheria ya Usalama wa Viumbe, iliyounda mamlaka ya kitaifa ya kupima kila ombi la kuingiza, kutafiti au kulima. Sheria hiyo ina meno: anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 za Kenya au kufungwa hadi miaka 10. Kanuni za mwaka 2012 ziliongeza sharti la lebo kwa chakula ambacho zaidi ya asilimia 1 ya viambato vyake vimebadilishwa vinasaba. Ulaya huweka kiwango hicho kwenye asilimia 0.9. Kwa ufupi, nyumba ilikuwa na mlango, komeo na bawabu.

Septemba 2012 mwanasayansi wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, pamoja na wenzake, alichapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa kwa miaka miwili. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa zilienea duniani. Wanasayansi wengi waliupinga, wakisema kwamba panya wa kila kundi walikuwa wachache mno na ni wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi hata wakila chakula cha kawaida. Lakini picha hutembea haraka kuliko hoja. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Rais Mwai Kibaki lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2013, jarida lililochapisha utafiti ule liliuondoa, kwa maelezo kwamba matokeo yake hayakutosha kuthibitisha lolote. Mwaka 2014 ulichapishwa upya katika jarida jingine. Marufuku ya Kenya haikuondoka na jarida. Ilibaki miaka tisa zaidi.

Tazama sasa jambo la uraia lililojificha humo. Sheria ya Bunge ilikuwa imeunda mamlaka ya kupima kila zao kwa ushahidi. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri uliweka kufuli moja juu ya yote, pasipo kuibadilisha sheria. Bawabu aliendelea kukaa mlangoni akilipwa mshahara, na mlango umefungwa kwa ndani. Mwishoni mwa mwaka 2019 serikali iliruhusu kilimo cha pamba ya Bt, kwa kuwa pamba haikuwa chakula na viwanda vya nguo vilikuwa vikililia malighafi. Mwaka 2021 mamlaka iliidhinisha muhogo unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Polepole komeo lililegea.

Tarehe 3 Oktoba 2022, wiki tatu tu baada ya Rais William Ruto kuapishwa, Baraza la Mawaziri liliiondoa marufuku. Misimu minne ya mvua ilikuwa imekatika kaskazini mwa nchi, mifugo ilikuwa imekufa kwa wingi, na mamilioni ya watu walikuwa na njaa. Ile methali ya kwanza ilikuwa imerudi. Mwezi uliofuata waziri wa biashara alitangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi yangeingizwa bila ushuru, na akaongeza mzaha kuhusu mambo mengi yanayoweza kumwua Mkenya, mzaha ambao wengi hawakucheka.

Waliokasirika zaidi hawakuwa wote waoga wa vinasaba. Novemba ni mwezi wa mavuno katika Bonde la Ufa. Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, aliyenunua mbolea kwa bei ya juu mwezi wa Machi, ndiyo kwanza anaanza kuvuna, naye anaambiwa kwamba mahindi ya ng'ambo yasiyolipiwa ushuru yako njiani. Kwake yeye jina la kisayansi la mahindi hayo halikuwa na maana kubwa kama bei yake. Mara nyingi, msomaji, mjadala wa usalama wa chakula huwa ni mjadala wa bei uliovaa joho la daktari.

Ubishi ukahamia mahakamani. Walalamikaji, wakiwemo wanasheria na wakulima wadogo, walirejelea Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 10 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 46 inawapa walaji haki ya kupata habari kuhusu wanachonunua. Serikali nayo ingeweza kuitazama Ibara ya 43, inayompa kila mtu haki ya kuwa huru kutokana na njaa. Lakini isome ibara hiyo hadi mwisho: inasema pia kwamba chakula kiwe cha kiwango kinachokubalika. Methali zetu mbili zimekaa katika ibara moja!

Novemba 2022 Mahakama Kuu ilisimamisha uingizaji kwa muda. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali kesi moja, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupilia mbali nyingine. Walalamikaji wakakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaagiza utekelezaji usubiri hadi rufaa isikilizwe. Kwa hiyo marufuku iliyowekwa na kuondolewa kwa kauli ya mawaziri ilirudi kuning'inia kwa amri ya majaji.

Uganda: rais asiyetia saini

Uganda inatupa picha tofauti, kwa sababu njaa si mlango wake wa kuingilia katika habari hii. Mlango wake ni mgomba. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa nchini humo, nao ukaenea. Mgomba ulioshikwa hunyauka na ndizi zake huoza ndani, na kwa mlaji wa matoke huo ni msiba wa nyumbani. Ndizi za kuliwa hazina mbegu za kuota, hivyo kuzizalisha chotara ni kazi ngumu mno. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti iliyopo Kawanda walijaribu njia ya vinasaba, wakatumia kinasaba kilichotoka katika pilipili hoho ili kuupa mgomba kinga.

Utafiti uliruhusiwa, lakini kumfikishia mkulima miche kulihitaji sheria. Oktoba 2017 Bunge la Uganda lilipitisha muswada. Rais Yoweri Museveni aliurudisha bila saini. Aliuliza juu ya umiliki: mtu aliyeongeza kinasaba kimoja katika zao atalimiliki lote, ilhali jamii zilizolitunza zao hilo vizazi kwa vizazi hazitajwi? Aliuliza pia jinsi mbegu za asili zitakavyolindwa zisichanganyike. Novemba 2018 Bunge lilipitisha muswada uliorekebishwa, safari hii ukiwa na kifungu kizito cha dhima: mwenye teknolojia awajibike kwa madhara hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Sasa wanasayansi ndio waliolalamika, wakisema kwamba hakuna atakayethubutu kutafiti chini ya kifungu hicho. Mwaka 2019 Rais aliurudisha tena.

Ona jinsi muswada mmoja ulivyowaogopesha watu kwa zamu. Ulipokuwa mwepesi, ulimwogopesha aliyehofia mbegu za mababu. Ulipokuwa mzito, ulimwogopesha mtafiti. Kutunga sheria ni kazi ya kugawa hofu, na ni vigumu kuigawa sawasawa.

Nyumbani: Makutupora

Sisi je? Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena mwaka 2003, ikatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na mwaka 2009 ikatoa kanuni za usalama wa bayoteknolojia. Kanuni hizo zilikuwa na dhima ya aina ile ile iliyozua kilio Uganda, na kwa miaka kadhaa hakuna jaribio lililofika shambani. Mwaka 2015 zililegezwa kwa ajili ya utafiti. Oktoba 2016, huko Makutupora mkoani Dodoma, yalipandwa mahindi ya majaribio yanayostahimili ukame, ndani ya uzio, chini ya mradi uliozihusisha pia Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo alitangaza kwamba majaribio yote ya aina hiyo yamekoma. Kenya ilipofungua mlango mwaka 2022, serikali yetu ilisema kwamba msimamo wake haujabadilika na kwamba mipaka italindwa.

Msimamo huo unaweza kutetewa kwa hesabu ya duka. Nilikuomba ukumbuke mahindi ya Zambia ya mwaka 2024. Nchi isiyotaka mahindi yaliyobadilishwa hutafuta muuzaji asiyekuwa nayo, na Tanzania, katika miaka ya mavuno mema, ni muuzaji huyo. Usafi wa mbegu ni bidhaa. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: mkulima wa Dodoma ambaye mahindi yake hukaushwa na jua mwezi wa Februari hapewi chochote kwa kuwa safi.

Hesabu ya mkulima

Naomba tumsogelee sasa mkulima mwenyewe, kwa kuwa katika nchi zote nne ndiye aliyetajwa sana na kuulizwa kidogo.

Husemwa kwamba mbegu hizi zitamfanya mtumwa wa kampuni, maana atalazimika kununua kila msimu. Jambo hilo ni kweli kwa sehemu. Mbegu chotara za kawaida, ambazo wakulima wetu wamezitumia kwa miongo mingi, nazo hununuliwa kila msimu, kwa sababu kizazi chake cha pili hupoteza nguvu. Kwa hiyo mlango wa duka la mbegu ulifunguliwa zamani. Kilichoongezeka ni hakimiliki juu ya kinasaba chenyewe. Katika mradi wa mahindi ya ukame, wenye hakimiliki walikubali kutodai malipo yake, na hilo lilipunguza hoja ya bei bila kuondoa hoja ya utegemezi: aliyetoa bure leo anaweza kubadili nia kesho.

Mgomba una hesabu tofauti kabisa. Haupandwi kwa mbegu bali kwa chipukizi. Ukipata mmoja mzuri, mwakani utampa shemeji yako, naye atampa jirani. Zao la namna hiyo halina duka la kudumu, na ndiyo maana hutafitiwa zaidi na taasisi za umma kuliko kampuni kubwa. Kwa hiyo anayesema kwamba mazao haya yote ni mtego, na anayesema kwamba yote ni neema, wamekosea kwa namna moja: wamezungumzia teknolojia bila kutaja zao, mmiliki na soko.

Soko nalo lina ukali wake. Jirani wa mbali, Burkina Faso, ilianza kulima pamba ya Bt kwa wingi mwaka 2008. Viwavi walipungua, dawa zikapungua. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko za awali, na pamba ya Burkina ilikuwa imejijengea jina kwa urefu wa nyuzi zake. Bei ikashuka. Kufikia mwaka 2016 nchi iliiacha, na kampuni za pamba zikadai fidia. Hakuna mtu aliyeugua. Zao lilishindwa sokoni, mahali ambapo mamlaka za usalama hazikuwa zikitazama.

Tunarudi kwenye methali

Tumeona milango minne. Zambia ilifungwa na rais baada ya mjadala na safari ya wanasayansi. Kenya ilifungwa na kufunguliwa na mawaziri, kisha ikashikiliwa na majaji. Uganda ilipita bungeni mara mbili na kukwama mezani kwa rais. Tanzania iliendeshwa kwa kanuni na matamko ya wizara. Punje, hata hivyo, haisomi kanuni. Mpaka wa Namanga, wa Tunduma au wa Mutukula huvukwa kila siku na malori, pikipiki na wanawake wenye vikapu, na macho hayawezi kutofautisha punje hii na ile. Kupima kunahitaji maabara. Nchi inayotangaza marufuku bila maabara imetangaza tumaini lake tu, na nchi inayofungua mlango bila lebo imemnyima mlaji haki ya kuchagua. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la pamoja, haijawa na sheria moja juu ya jambo hili.

Ukiniuliza ni methali ipi iliyo na haki, nitakujibu kama mwalimu wa lugha. Zote mbili ni za kwetu, na wahenga hawakuzitunga ili moja iiue nyingine. Mwenye njaa hana miiko: kwa hiyo asiyekuwa na njaa asijifanye msemaji wa tahadhari yake. Tahadhari kabla ya hatari: kwa hiyo kazi ya tahadhari ifanyike mapema, katika miaka ya mvua, ghala likiwa limejaa, wanasayansi wakiwa na muda na wakulima wakiwa na sauti. Kosa la majirani zetu, na letu pia, limekuwa kuanza kubishana wakati meli imekwisha kutia nanga.

Maswali ya tafakuri

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya punje na mbegu. Kwa nini tofauti hiyo ilikuwa muhimu nchini Zambia mwaka 2002?
2. Kati ya Bunge, Baraza la Mawaziri, rais na mahakama, ni nani anayefaa kuwa na neno la mwisho katika jambo la aina hii? Toa sababu mbili.
3. Mwandishi anadai kwamba mvua ya mwaka 2003 haithibitishi usahihi wa uamuzi wa mwaka 2002. Je, unakubaliana naye?
4. Andika insha ya aya tatu ukiitetea mojawapo ya methali mbili za somo hili. Kisha andika aya ya nne ukiipinga hoja yako mwenyewe.